Momiji kwenye chungu: mwongozo kamili wa kukuza mepo ya Kijapani kama bonsai

Nianze na kosa langu ili wewe usilirudie. Momiji yangu ya kwanza niliiweka sebuleni. Majani mekundu, chungu cha bluu, kila mgeni akiingia lazima aiulizie, na mimi namwagilia kila asubuhi bila kukosa huku najiona fundi. Baada ya miezi michache ncha za majani zikaanza kukauka, alafu yakadondoka yote, ukachipua tena vijani vidogo vya njano, navyo vikadondoka, na hapo ndo ukawa mwisho wake. Sikukosea maji wala mbolea. Nilikosea kudhani bonsai, yaani mti unaokuzwa na kuundwa ubaki mdogo kwenye chungu, ni pambo la ndani. Huu ni mti wa milimani, unataka kulala nje kwenye baridi, na karibu kila kitu utakachosoma hapa chini kinarudi kwenye jambo hilohilo: mti una ratiba yake, na wewe ndo unaifuata.

Momiji ni jina la Kijapani la mepo (maple kwa Kiingereza) inayoitwa kitaalamu Acer palmatum, na hilo neno palmatum linatokana na kiganja cha mkono, maana jani lake limetanuka vidole vitano au saba, mara nyingine tisa. Asili yake ni Japani, Korea na China. Usiichanganye na ndugu yake mwenye jani la vidole vitatu, Acer buergerianum, ambaye anavumilia joto na kukatwakatwa mizizi zaidi, yule ana sheria zake kidogo tofauti.

Kabla hujanunua

Jiulize swali moja tu: unapoishi kuna baridi ya kweli? Momiji inahitaji miezi miwili mitatu ya baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi ili ipumzike. Bila hiyo haifi palepale, na hapo ndo inapodanganya watu, inachipua mwaka wa kwanza kwa akiba iliyonayo, mwaka wa pili inachipua kwa shida, wa tatu huna mti. Kama kwenu ni joto mwaka mzima, kusema ukweli chukua mti wa jamii ya mkuyu, hiyo inapenda joto na inatoa mizizi mizuri sana, na hii ya momiji ubaki kuiangalia kwenye picha. Najua sio jibu ulilolitaka.

Kama baridi ipo, sasa kuna kuchagua aina. Zipo mamia, ila chache ndo zinafaa bonsai vizuri. Ile ya kawaida ya kijani ndo ninayompa kila anayeanza, ina nguvu, majani yanapungua ukubwa vizuri, na majira ya kupukutika inageuka njano mpaka nyekundu. Deshojo inachipua nyekundu kama damu alafu inakuwa ya kijani kiangazi, yaani miezi ya joto. Kiyohime ni fupi kwa asili na ina vijani vidogo, ila inapenda kutanuka pembeni na kilele chake ni dhaifu, ukikikata ovyo kinakufa. Shishigashira ina majani yaliyojikunja na inakua polepole mno. Arakawa ina gome lenye magamba magamba. Zile zenye majani yaliyochanika kama nyuzi achana nazo, matawi yake yananing'inia na mara nyingi zimebebeshwa.

Na hapo kwenye kubebesha tuelewane. Miche mingi ya aina maalum inauzwa ikiwa imebebeshwa kwenye shina la momiji ya kawaida, na pale kwenye kiungo panabaki kovu au uvimbe, gome la juu rangi moja la chini rangi nyingine. Kwenye bustani hakuna anayejali. Kwenye bonsai ya sentimita 40 ndo kitu cha kwanza jicho linaona, na kadri mti unavyozeeka ndo kinazidi. Fukua udongo kidogo kwa kidole dukani kabla hujalipa, hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza kanunue kwingine.

Kuupata mti: njia nne

Mbegu ni rahisi ila ni safari ndefu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu siku nzima, changanya na mchanga wenye unyevu kidogo, weka kwenye mfuko ndani ya friji kwa miezi mitatu hivi, alafu panda. Zitaota kwa kusuasua, nyingine mwaka unaofuata, na hakuna mche utakaofanana na mama yake. Faida yake kubwa ni kwamba unaipanga mizizi tangu ikiwa laini kama uzi.

Vipandikizi unakata mwanzo wa kiangazi, matawi machanga ambayo yameanza kukomaa, kwenye udongo wa chengachenga uliofunikwa nailoni. Vinashika, shida ni baridi ya kwanza, vingi havivuki, kwa hiyo vikinge.

Kununua mche mkubwa kitaluni ndo njia ya haraka. Angalia chini kwanza, sio majani: mizizi inatokaje kwenye shina? Majani utabadilisha kila mwaka, mizizi mibaya utaishi nayo.

Ya nne ndo ninayoipenda kuliko zote, kuotesha mizizi juu kwenye shina au tawi nene la mti uliopo. Subiri majani ya kwanza yakomae, yaani yawe magumu kidogo ukiyashika. Toa gome pande zote kama pete, upana wake uwe mara moja na nusu ya unene wa tawi, na ukwangue mpaka uone mti mweupe mkavu, ule utelezi wa kijani usibaki hata kidogo maana ukibaki mti unajiziba na hautoi mizizi. Paka homoni ya mizizi kwenye ukingo wa juu, funga na sfagnamu iliyolowa (ule uoto mkavu laini kama sponji), zungushia nailoni, funga juu na chini. Iwe na unyevu muda wote. Baada ya miezi miwili mitatu utaona mizizi myeupe imegusa nailoni. Ngoja ijae na ianze kugeuka kahawia ndo ukate chini yake. Uzuri wake ni kwamba mizizi inatoka mduara mzima, na lile kovu la kubebesha unaliacha kule chini.

Nenepesha shina kwanza

Hapa ndo watu wanakosea kwa haraka. Mche mwembamba kama penseli ukiuweka kwenye chungu kidogo cha bonsai utabaki penseli miaka kumi, tena penseli iliyopambwa. Shina linanenepa pale mti unapokua kwa uhuru, matawi marefu, majani mengi, mizizi ina nafasi. Kwa hiyo panda ardhini au kwenye kasha pana, na uuache ukue ovyo.

Wakati unakua, acha tawi moja chini lirefuke bila kuguswa. Naliita tawi la kafara. Kazi yake ni kuvuta chakula na kunenepesha sehemu ya chini ya shina, likishamaliza kazi unalikata. Ukisahau kulikata linaacha kidonda kikubwa kuliko shina lenyewe, kwa hiyo usinogewe.

Shina likifika unene unaoutaka unalikata juu, kwa kawaida kwenye theluthi ya urefu wa mti unaoufikiria, alafu chipukizi jipya linakuwa kilele kipya, nalo unaliacha linenepe miaka miwili mitatu, unalikata tena juu kidogo. Ndo hivyo shina linapata kupungua kutoka chini kwenda juu badala ya kuwa kama bomba. Mti uliokomaa wengi wanalenga urefu wa kama mara sita ya unene wa shina pale chini, sio sheria ila ukianza nayo hutapotea sana.

Mizizi na udongo

Ukiniuliza nini kinatofautisha momiji nzuri na ya kawaida nitakwambia ni mguu wake. Wajapani wanaita nebari: mizizi inayoonekana juu ya udongo, imetawanyika pande zote kama miale, shina linatua juu yake polepole. Momiji ina kipaji ambacho miti mingi haina, mizizi yake iliyogusana inaungana na kuwa kitu kimoja, baada ya miaka unapata kama sahani ya mti.

Muda wa kubadilisha udongo ni mmoja tu na ni mfupi: macho (vile vichipukizi vilivyofungwa kwenye matawi) yamevimba, yameanza kuonyesha rangi, ila hayajafunguka. Ukiwahi sana mizizi iliyokatwa inakaa kwenye baridi haina kazi, ukichelewa majani yameshatoka yanadai maji na mizizi ya kuyaleta umeikata. Mimi kuanzia mwisho wa baridi naenda kuangalia macho kila asubuhi na kikombe cha chai mkononi, yanatoka kwenye ukavu wa kahawia, yanang'aa, yanarefuka kama ncha ya kalamu ya risasi. Siku yanapoanza kutofautiana rangi kwenye mikunjo, siku hiyohiyo nafanya kazi.

Toa mti, ondoa udongo wa zamani kwa kijiti ukianzia chini ya shina kwenda nje, usivute kwa nguvu. Ule mzizi mnene unaoshuka chini moja kwa moja kata, hauna kazi kwenye bonsai. Mizizi minene inayotoka pembeni fupisha ili igawanyike, ile inayokwenda juu au kupita juu ya mwenzake toa. Mti mchanga wenye nguvu unavumilia kupoteza hata nusu ya mizizi, mzee mpe heshima yake, theluthi inatosha. Chini ya shina pakate pawe bapa kabisa kama kitako cha bakuli.

Kwa miche michanga kuna ujanja: chukua kipande cha ubao, toboa katikati, pitisha skrubu kutoka chini iingie kwenye kitako cha shina, alafu tandaza mizizi juu ya ubao na uipangilie kwa misumari midogo. Haiwezi kushuka, lazima iende pembeni. Baada ya miaka miwili fungua uone, mara ya kwanza nilipofungua wa kwangu nilimwita mke wangu aje kuona mizizi, akaangalia, akaniangalia mimi, akarudi ndani.

Udongo wa shambani sahau. Kwenye chungu kifupi unashikana, maji hayatoki, mizizi inaoza. Inatakiwa chengachenga za milimita 3 hadi 6 zilizochekechwa vumbi lote likatoka. Mchanganyiko wangu ni akadama (udongo wa mfinyanzi wa Japani uliokaushwa ukawa chenga) sehemu mbili, jiwe jepesi la volkano lile linaloelea kwenye maji sehemu moja, na mawe mekundu ya volkano sehemu moja. Akadama ni ghali. Matofali ya kuchoma yaliyopondwa yanafanya sehemu ya kazi hiyo, hayashiki unyevu vizuri kama akadama ila hayaui mti.

Chungu kiwe na matundu, na mti uufunge kwa waya uliopita kwenye matundu mpaka ukitikisa shina chungu kinatikisika nalo. Mti unaochezacheza unakata mizizi yake mipya kila upepo ukivuma. Jaza udongo, chokonoa kwa kijiti mpaka hakuna nafasi tupu, mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi, alafu weka kivulini mbali na upepo wiki tatu nne. Mbolea hapana kwa mwezi mzima. Mti mchanga rudia kila miaka miwili, uliokomaa mitatu hadi mitano.

Maji, jua, mbolea

Maji: angalia udongo, sio saa. Juu pakianza kukauka mwagilia mpaka yatoke chini, basi. Kiangazi inaweza kuwa mara mbili kwa siku, wakati wa baridi mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Maji magumu yenye chokaa nyingi yanaunguza ncha za majani na kuacha weupe kwenye shina, ya mvua ndo mazuri kabisa.

Jua la asubuhi linafaa, la mchana kali hapana, hasa likija na upepo mkavu. Jani la momiji ni jembamba, linakauka pembeni likawa kahawia ndani ya mchana mmoja, na halirudi, utaliangalia hivyohivyo mpaka lipukutike.

Mbolea inategemea mti uko hatua gani. Mti unaonenepeshwa lisha tangu majani yanatoka mpaka mwisho wa kiangazi. Mti uliokomaa unaotaka matawi mafupi na majani madogo, usiupe kitu mpaka majani ya kwanza yakomae, kwa sababu naitrojeni ya mapema inakupa pingili ndefu na majani makubwa kama ya bustanini, na pingili ikishakuwa ndefu hairudi nyuma.

Kupogoa na kuchuma

Momiji inachipua mbili mbili, kila kifundo kina macho mawili yanayotazamana. Ukikata juu ya kifundo unapata matawi mawili, ndo maana inajenga matawi haraka. Ubaya ni kwamba baada ya muda yanatoka matatu manne sehemu moja na pale panavimba kama goti. Bakiza mawili tu kila mahali, mapema, yakiwa bado laini.

Matawi makubwa usikate mwisho wa baridi macho yanapokaribia kufunguka, kidonda kitatiririsha maji siku nyingi. Kata mwanzo wa kiangazi majani yakishakomaa, kinafunga haraka kwa kuwa mti unakua. Paka dawa ya kuziba vidonda, na kata kidonda kiwe na kishimo kidogo ili gome likijifunga libaki sawa na shina.

Sasa kuchuma. Huku ni kwa miti iliyokomaa tu, mwenye mti unaotaka kunenepa aruke hapa. Chipukizi linapofunguka linatoa majani mawili yamekunjwa kama mwavuli, na katikati yake kuna kijincha kidogo laini. Kile kijincha ndo pingili inayofuata. Kivute na kibano kabla hakijarefuka, mapema iwezekanavyo, na tawi linabaki fupi. Ni kazi ya kila siku kwa wiki mbili tatu, maana macho hayafunguki pamoja, ya juu yanatangulia na ya ndani yanafuata. Kuchuma kunachosha mti, kwa hiyo ya juu na ya nje chuma yote, ya ndani na ya chini yaachie yapate nguvu.

Mwanzo wa kiangazi unaweza pia kukata majani. Kuna wanaotoa yote, mti unachipua upya na majani madogo. Mimi siku hizi nakata jani moja kati ya kila mawili sehemu zenye nguvu tu, ili jua lifike ndani ambako vitawi vidogo hufa kwa kiza. Kikonyo cha jani kiache, kitadondoka chenyewe. Na mti uliobadilishwa udongo mwaka huohuo usiuguse majani. Kazi moja nzito kwa mwaka mmoja, narudia, moja.

Waya

Kuyapinda matawi yakae unavyotaka, yazungushie waya wa aluminiamu, ni laini kuliko shaba na gome la momiji ni laini kama ngozi ya mtoto. Matawi yake yanavunjika ghafla bila kukuonya, kwa hiyo pinda kidogo leo, kidogo wiki ijayo. Funga majani yakishadondoka, hapo unaona kila tawi, au mwanzo wa kiangazi. Ukifunga wakati mti unakua angalia kila wiki. Nina mti una alama za waya kama ngazi kwenye tawi la kwanza, nilisafiri wiki sita tu. Na kuutoa usiuzungushe, ukatekate vipande, waya ni rahisi kuliko tawi.

Mimi matawi mengi siku hizi nayavuta chini kwa kamba iliyofungwa kwenye ukingo wa chungu, au naacha mkasi ufanye kazi, unakata kuelekea upande unaotaka tawi liende.

Baridi, wadudu na magonjwa

Matawi yanavumilia baridi kali, mizizi kwenye chungu kifupi haivumilii hivyo. Ikishuka chini ya nyuzi -5, zika chungu kwenye bustani au kiweke kwenye banda lisilo na joto, na usisahau maji kidogo. Hatari nyingine ni baridi inayorudi wakati majani ndo yanatoka, usiku mmoja unaweza kuyaunguza yote. Usiku huo ndo ruksa kuingiza mti ndani.

Vidukari vinapenda majani machanga, vioshe kwa maji na sabuni kidogo. Unga mweupe juu ya majani ni ukungu, ongeza hewa kati ya matawi. Ugonjwa ninaouogopa ni vetisilia, kuvu wa kwenye udongo: tawi moja linanyauka ghafla wakati mengine yana afya, ukilikata unaona mistari au pete nyeusi ndani ya mti. Hauna dawa. Kata chini ya pale palipoathirika, udongo tupa mbali, na mkasi uoshe kwa spiriti kabla haujagusa mti mwingine. Na mimi naosha hata kama sijaona ugonjwa, kila nikihama kutoka mti mmoja kwenda mwingine.

Chungu cha mapambo nimekiacha mwisho makusudi kwa sababu ndo kitu cha mwisho kununua. Kiwe kifupi, duara dufu au mstatili wenye kona laini, urefu wake kama theluthi mbili ya kimo cha mti. Momiji inapendeza kwenye chungu chenye rangi ya kung'aa, bluu iliyopauka, maziwa, kijani cha maji. Chagua majira ya baridi mti ukiwa uchi, rangi ya gome ndo utakayoishi nayo karibu nusu ya mwaka, majani mekundu ni ya wiki mbili tatu tu.